Beseni la Maji Vuguvugu

Msinihurumie. Mguu umeikataa barabara
nami sikuugombeza. Tumepatana:
wenyewe upumzike juu ya stuli,
mimi nisafiri mezani.

Hapa Tororo dirisha langu lina mwamba,
mwamba una mawingu, na vumbi la saruji
hukaa juu ya kila kisichofutwa.
Albamu naifunika kwa leso kuukuu.

Kazi huanza na birika. Maji yasichemke,
yawe ya kumwogesha mtoto wa wiki moja;
pima kwa kiwiko. Kisha pembe za bahasha,
zilizokatwa na kuachiwa ukingo kidogo,
zilaze chali, picha zitazame dari.
Usivute. Avutaye huchana.
Gundi ina saa yake ya kusamehe,
na ikisamehe, stempu hujiachia yenyewe,
huteleza kando
kama kijana anayetoka ibadani kabla ya sadaka.

Okecho, mtoto wa jirani, ndiye posta yangu siku hizi.
Hupita benki, hupita misheni, hupita duka la vipuri
akiomba bahasha walizokwisha kutupa.
Zamani alidai ndizi. Sasa anadai majina:
"Shangazi Apolot, Helvetia ni wapi?"
Ni Uswisi, namwambia, imevaa jina la ukoo.

Nina korongo mwenye taji. Nina pamba, nina kahawa,
nina zile za nchi tatu kwenye kikaratasi kimoja,
Kenya, Uganda, Tanganyika,
ndugu watatu wamelala kitanda kimoja
kabla hawajagombania blanketi.
Nina zilizofutwa bei kwa mstari mweusi
bei nyingine ikagongwa juu,
miaka ile shilingi ilipokuwa ikikimbia
kuliko mtambo wa kuchapa.
Hizo naziamkia.
Mimi mwenyewe nimegongwa bei mpya mara mbili tatu,
na chini yake ile ya kwanza bado yasomeka.

Wifi yangu Nyafwono husema
hii ni kazi ya mtu asiye na kuku.
Nina kuku saba. Wanajua
siku ya beseni hawaingii ndani.

Lakini iko bahasha moja sijaikata.
Inakaa nyuma kabisa, haijabandikwa popote.
Ilitoka Soroti, mama aliponiandikia
kwamba njia imefungwa,
mihogo wameing'oa ikiwa michanga,
na nisithubutu kuja.
Muhuri umepakazika, mwezi hausomeki.
Stempu yenyewe ni ya kawaida, imepinda,
jino moja la ukingo limeng'oka;
mnunuzi wa Kampala hatatoa hata mia tano.
Mara mbili nimechemsha maji.
Mara mbili nimeyaacha yapoe,
nikayamwagia mche wa mpapai.
Mama hakuwa na sponji ya posta.
Alitoa ulimi, akalamba, akabana kwa gumba
huku anaongea na mtu mwingine,
pengine anakaripia mbuzi.
Gundi ile, nyuma ya picha,
imeshikwa na mate yake.

Okecho ameuliza kwa nini ukurasa ule una pengo.
Nikamjibu kila albamu ina pengo.
Akanitazama kama ajuaye amenyimwa kitu,
kisha akachomoa mfukoni bahasha ya leo:
haina stempu, ina mistari ya mashine,
mistari na nambari, basi.
"Na hii je?"
Nikaigeuza. Nikainusa; haikunuka safari.
Lakini mbele, pale penye anwani,
ilikuwa na kidirisha cha plastiki, safi, hakina mkunjo.
Lete mkasi, nikamwambia. Kata hapa, taratibu,
zunguka ukingoni.
Kuna kitu nataka kukifunika.