Kuingia Si Kufaa

Salha, kabla hujachomeka, ngoja.
Najua fomu ya chuo inafungwa saa sita usiku
na betri imebaki asilimia nne,
lakini lete kwanza hilo tofali jeusi hapa,
chini ya taa ya jikoni.

Sanduku hili la viatu ni daftari la wapangaji.
Chaja iliyofungwa utepe mwekundu ni ya Kapinga,
alihamia Dundee kwa hasira.
Hii iliyochunika shingoni ni ya Tesfalem:
Jumanne alipata karatasi zake, Jumatano hayupo.
Hii nzito sijui ya nani.
Watu huondoka Govanhill na nguo zao,
nyaya wanatuachia sisi.

Zote nyeusi. Zote zina mdomo.
Na hapo ndipo nilipokosea, mwaka ule wa theluji:
niliona tundu, nikaona ncha, ikaingia taratibu,
nikasema alhamdulillahi.
Mashine ilitaka volti kumi na mbili,
nikaipa kumi na tisa na nusu.
Haikulia. Ilitoa harufu tu,
kama kitunguu kilichosahauliwa jikoni,
hadi Morag wa ghorofa ya juu, fundi wa lifti,
akashuka na soksi kuuliza nani anaungua.
Picha za mazishi ya mama zilikuwa mle.
Basi.

Sasa soma. Washa tochi ya simu,
maandishi haya waliwaandikia sisimizi.
Mstari wa juu, mia moja hadi mia mbili na arobaini,
huo ni umeme wa ukutani,
wa Glasgow na wa Moshi sawasawa. Upite.
Shuka kwenye kinachotoka.

Tafuta V. Volti ni chumvi, Salha:
kila chungu na kiasi chake,
na ikizidi huichoti tena.
Iwe ileile iliyoandikwa tumboni mwa laptopu.
Pindua. Unaona? Kumi na tisa.

Halafu A. Ampea ni sufuria.
Mpelekee mtu mmoja sufuria ya pilau ya harusi,
haimlazimishi kitu, atapakua shibe yake.
Lakini wageni tisini
kwa kisufuria cha watu arobaini na watano?
Kitakwanguliwa mpaka kiwe moto usioshikika.
(Nakijua hicho. Ghalani, kila Desemba, huwa ndiyo mimi.)
Kwa hiyo zilingane au zizidi, zisipungue.
Volti mara ampea, unapata wati,
hesabu ya darasa la nne
iliyonigharimu laptopu nzima nikiwa na digrii.

Na kaduara haka kenye mikia miwili:
chanya ndani, hasi nje, kafanane pande zote.
Kakigeuka, umemnywesha mgonjwa uji kwa sikio.

Hizi mpya, za mdomo bapa usio na juu wala chini,
hizo zina adabu ya kwetu, hupiga hodi.
Hodi. Karibu. Unakula ngapi? Ishirini.
Ndipo umeme unaingia.
Wasipoelewana, mgeni hubaki barazani
na volti zake tano, chai ya rangi bila kitafunio.
Yako si ya kizazi hicho. Yako haiulizi.

Ya Kapinga: kumi na sita. Weka chini.
Ya Tesfalem: kumi na tisa, ampea zatosha,
ila shingo hiyo, waya umetoa ulimi. Hapana.
Lete hii isiyo na mwenyewe.
Kumi na tisa. Nne nukta saba nne.
Yako inaomba tatu na ushei.
Duara? Chanya ndani.
Haya, bismillahi.

Imewaka.
Iache mezani ipumue, usiifunike na blanketi
hata kama hita imekufa.
Tano. Sita.
Andika jina lako kamili, kama lilivyo kwenye pasi.

Mimi nautafuta mkasi.
Huu wa Tesfalem naukata leo, asije mtu akaukosea.
Miaka mitatu nimeuweka
kana kwamba atarudi kuuliza.