Hayo Tisa

Daktari Sutherland aligeuza kioo cha kompyuta
nikauona ubongo wangu kwa mara ya kwanza:
kijivu, umekunjamana kama kiini cha jozi,
na ndani yake madoa meupe,
kana kwamba kuna mtu alipaka dari chokaa
akasahau kufunika vilivyo chini.

"Hayo tisa," akasema. "Kumi ni hili la shingoni."

Nikauliza lipi ndilo la mguu.
Akaweka ncha ya kalamu juu ya doa
dogo kuliko punje ya shayiri.
Hilo. Hilo ndilo linaloniangusha ngazini.
Na mimi miezi minane namlaumu fundi viatu wa Kirkwall!

Jicho lilitangulia, mwezi wa pili, wiki tatu.
Liliuma nikiligeuza, na kila chekundu kikachujuka:
nyanya, damu ya kondoo azaaye,
koti la Sigurd mleta barua,
vyote rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Jicho halina kosa, daktari akasema,
ni njia yake iliyochunika.

Kumbe kila neva ina ala ya mafuta,
kama waya na ganda lake la plastiki,
na askari wa mwili wangu,
niliowalisha miaka arobaini na moja,
wameigeukia ala hiyo wanaitafuna.
Kikulacho ki nguoni mwako, sawa;
mimi, nguo yenyewe ndiyo inayonila.

Kisiwani kwetu kuna ukuta wa mawe makavu
unaowazuia kondoo wala mwani wasifike majanini.
Kila majira ya baridi bahari inaubomoa,
kila kiangazi tunauinua, jiwe juu ya jiwe.
Ndani ya feri nilitaka kujifariji: ndivyo nilivyo,
ukuta wenye mapengo.

Sivyo.
Pengo la ukuta unaliona. Kondoo waliopita unawahesabu.
Mimi naoga maji ya moto, miguu inageuka uji.
Nainama kufunga kamba ya kiatu,
umeme unateremka uti wa mgongo hadi kisiginoni,
nainuka,
na mwenye duka ananiambia, "Unapendeza, Merran!
Umepungua?"

Sindano ziko kwenye friji, nyuma ya siagi.
Magnus hujifanya hazioni, hufunga mlango polepole
kama wa chumba chenye mtoto aliyelala.
Madoa mengine hujiziba, daktari alisema,
kiraka tu, si kitambaa kile cha kwanza.

Leo asubuhi Sigurd amebisha, mvua ikimtiririka,
na koti lake lilikuwa limeanza kurudi.
Halijawa jekundu. Rangi ya tofali lililolowa, labda.
Nikasimama kizingitini nikalitazama,
nikalitazama tu, kalamu mkononi, bila kutia sahihi,
mpaka maskini akaona haya,
akajikagua vifungo.