Kabla ya Rangi

Kapchorwa, mwezi wa saba. Ukungu umelala barabarani
kama ng'ombe aliyegoma kuinuka.
Natembea na ndoo yangu: chupa kumi na tisa za rangi,
tupa, mkasi, pamba,
na chini kabisa, ndani ya kopo la maziwa ya unga,
mafuta ya moyao niliyoletewa na dereva wa lori
kutoka Lira, ambako, anaapa, jua halijui likizo.

Wananiita fundi wa kucha. Wengine hunong'ona:
kijana mzima wa Mzee Chemonges, hana jembe?
Waache. Nimeshika mikono mingi
kuliko mchungaji mlangoni siku ya Pasaka.

Leo Chesang ametoka kijitoni.
Tangu saa kumi alfajiri anaosha karoti,
magunia sita, lori la Mbale halingoji mtu,
na maji ya mlima hayana salamu,
yanauma kwanza, yanajitambulisha baadaye.
Anataka nyekundu. Kesho wanakuja wakwe.
Nyekundu ile, ya kung'aa, fanya haraka.

Namwambia: nipe mikono.

Ngozi imepauka kama ganda la kitunguu.
Kucha zimepasuka ncha, zinanasa uzi wa sweta.
Na kwenye kidole gumba, ufa,
mwembamba kama mstari wa daftari,
unaofunguka kila Jumatatu.
Usipoziba ufa, Chesang.
Anadakia: najua, nitajenga ukuta.
Hujui. Ukuta wenyewe ni wiki nzima bila kuosha,
ni gunia la mwenzako likipanda lori, lako likioza.

Basi sikiliza, kabla ya rangi.
Ukitoka majini usikimbilie moto.
Vidole vilivyokufa ganzi havijui kuomba msamaha,
usiku vitawasha mpaka ulie.
Vitie kwapani kwanza, kama vifaranga.
Kisha maji ya uvuguvugu, yale ya kuogeshea mtoto mchanga,
ukaushe hata katikati ya vidole, hapo ndipo baridi hujificha,
na unyevu ukiwa bado kidogo, pakaa.
Usiku vaa soksi mikononi.

Soksi?

Soksi.
Anacheka hadi karoti moja inamtoka kapuni.
Nilivaa za Yeko, anasema, zile ulizonishauri mwaka jana,
akaenda nazo shule zinanuka moyao,
mwalimu akamuuliza kwao wanakaanga miguu?

Nakata kucha fupi, zifuate umbo la kidole.
Ile ngozi ya pembeni siing'oi, nailainisha tu,
ina kazi yake, ni mlinzi asiyelipwa.
Naziba ufa kwa moyao na nta,
nasugua taratibu, damu irudi nyumbani.

Ndipo anageuza kiganja changu.
Anakitazama kama anayekagua karoti.
Dawa ya kufutia rangi imenila, sikuona:
kucha nyeupe vumbi, vifundo vimechanika,
kidole cha shahada kina gamba.
Kinyozi hajinyoi, anasema,
lakini wewe umezidi, fundi, unatembea kichwa kizima msitu.
Anachota moyao kwa kidole chake kilichofungwa nta,
anaanza kunipaka,
kwa nguvu, kama anayeosha gunia zima,
na mimi, mwenye maneno yote yale,
nimekosa pa kutazama.

Honi ya lori.
Ananyanyuka, rangi hakupaka.
Jioni, anasema, niwekee ile nyekundu,
na elfu yako nitakupa hiyo jioni,
tayari anakimbia, mikono kwapani.

Anafika binti wa duka la simu, anataka buluu,
ana dakika tano.
Nashika chupa, inateleza.
Nashika kwa shati, inateleza.
Dada, nisubiri, namwambia.
Acha kwanza mikono inywe.