Kitufe cha Kumi na Sita

Jengo letu la Burnaby halina nne.
Halina kumi na tatu, halina kumi na nne.
Kwenye ukuta wa lifti vitufe vinaruka
kama mtoto mwenye viatu vipya penye vidimbwi:
tatu, tano; kumi na mbili, kumi na tano.
Mimi ndiye ninayevifuta kila alfajiri,
na kidole changu kinayajua mapengo
kama ulimi unavyojua jino lililong'oka.

Msimamizi alinieleza siku ya kwanza, bila kucheka:
nne, kwa Kikantoni, hutamkwa karibu na kufa;
kumi na tatu huwakimbiza Wazungu;
na nyumba isiyouzika ni nuksi ya kila mtu.
Nikasema sawa.
Lugha yangu nayo ina sita, na kusita ni kusita;
ina tisa, mlango wa pili kutoka tisha;
hatujabomoa ghorofa kwa ajili hiyo.
Na ile saa kumi na tatu ya karatasi yao ya zamu
mimi huisoma saa saba,
nafungua kibakuli changu cha maharage, nala,
wala sijapaliwa.

Lifti ikaharibika wiki moja ya mvua.
Nikapanda kwa miguu, ndoo mkononi,
nikihesabu ili nisahau magoti.
Ngazi haisomi vibandiko.
Nilipofika kwa Bi Kwok, mlango 1608,
namba aliyoiongezea dola elfu tisa,
nilikuwa nimefika kumi na tatu.

Nikarudia kushuka. Kumi na tatu.

Tangu hapo nikamwamkia kwa sauti ya hospitali,
ile ya kumwamkia mgonjwa ambaye hajaambiwa.
Nikambebea mifuko ya mchele.
Nikamwuliza habari za kifua, za miguu, za usingizi,
hata akaniuliza kama nataka kukopa.

Novemba, Ijumaa, tarehe sikuitazama,
king'ora kikalia. Moshi juu.
Zimamoto wakaja, mmoja kijana, Tavish kwenye koti lake:
ghorofa ya ngapi?
Kumi na sita, nikasema.
Wenzake wakakimbilia ngazi. Yeye akarudi nyuma hadi barabarani,
akainua uso mvuani, akaanza kuhesabu madirisha
kwa kidole kilicholowa, midomo ikicheza,
na nikaona anakokwenda kupotea.
"Kumi na tatu!" nikapiga kelele. "Hesabu kumi na tatu!"

Lilikuwa halijawahi kutamkwa kwenye ukumbi ule.
Bwana Haldane, mlinzi, akagonga mbao ya meza yake
mara tatu, upesi.
Meza ile ni plastiki.

Ilikuwa sufuria ya uji tu, imeungua hadi kitako.
Nikamkuta Bi Kwok koridoni, taulo mbichi mdomoni,
anakohoa huku anawafokea watu kwa kuchafua zulia.
Nikamwomba radhi. Nimeitaja, nikasema.
Nimeitaja mbele ya watu.

Akanitazama kama risiti isiyolingana na chenji.
"Nilikuwa mhasibu miaka thelathini na moja.
Unadhani sikuhesabu kabla ya kutia sahihi?"
Akaondoa taulo.
"Kifo ni kizee, mwanangu. Hakipandi ngazi.
Kinaingia lifti kama wageni wote,
kinavaa miwani, kinasoma vitufe."

Jumapili nikapiga simu nyumbani.
Nyuma ya sauti ya mama, vijiko, vicheko,
mtoto analilia paja la kuku,
mwingine sikumjua, labda kazaliwa nisipokuwapo.
"Mama, mko wangapi hapo?"

Akanyamaza kidogo.
Nikasikia mlango ukifungwa, kelele zikapungua,
kama anayewaficha.

"Tupo," akasema.