Mstari Ambao Sikuupiga

Kazi yangu ni rula na penseli.
Unataja jina, nalitafuta, nalipigia mstari,
nakupa karatasi, nakuonyesha kibanda.
Basi. Tangu saa moja asubuhi
mpaka saa nne usiku sina maoni.

Nje ya saa hizo nilikuwa nayo, tena mengi.
Miaka kumi na sita! nilimwambia mke wangu.
Struan wetu akiwa na umri huo
hakujua soksi zake ziliko,
leo tumuulize nchi iende wapi?
Mke wangu akaendelea kumenya viazi.
"Na zako," akasema, "nani hukutafutia?"

Kisha ikaja ile Alhamisi ya Septemba,
ukungu umeifunika Buckie hadi vizingitini.
Tuliweka sanduku katika ukumbi wa shule,
chini ya goli la mpira wa kikapu.
Akaingia Mhairi Cowie
(hutamkwa Vari; wageni huliharibu),
miaka kumi na sita na majuma sita,
buti nyeupe za kiwandani bado miguuni,
mikono inanuka kamba.
Ukumbi huohuo alifelia mtihani wa hesabu mwezi Mei.
Juni akaacha shule,
na mshahara wake ulikuwa umeshakatwa kodi
bila mtu kumuuliza ana akili kiasi gani.

Alikaa kibandani kuliko daktari aliyemtangulia.
Alipotoka karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne,
ndogo kama kidonge,
akaisukuma tunduni kwa kidole kimoja,
akabaki ameweka kiganja juu ya sanduku
kana kwamba ndani kuna kitu kinachopumua.
Usiku ule sikumtaja Struan wala soksi.

Mwezi Mei, uchaguzi wa bunge la London.
Ukumbi uleule, goli lilelile.
Alikuja na mama yake. Nikateremsha kidole
mpaka nyumba namba tisa: Cowie, Jean. Peke yake.
"Lakini mimi nilishapiga kura," akasema.
"Ni wewe uliyenipa karatasi."
Kweli, ni mimi.
Nikaeleza: ile ilikuwa sheria ya Edinburgh,
hii ni ya London, huku mpaka kumi na nane.
Akanitazama kama mtu anayetilia shaka
mizani ya muuza samaki.
"Kwa hiyo nimepungua umri?"

Mwaka uliofuata, Mei, bunge la Edinburgh:
karibu, binti, karatasi zako hizi hapa, mbili.
Juni, kubaki Ulaya au kutoka:
subiri nje, mtoto.
Majuma saba kati ya binti na mtoto!
Kamba anaowapanga kwenye barafu
huliwa Uhispania; lori huondoka saa tisa usiku.
Sheria yetu ya ndoa ingemfungisha harusi
Jumamosi ile bila hata kumjulisha baba.
Safari hii hakuuliza kitu.
Alikaa ukutani, akala chipsi, akamngoja mama yake.

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa.
Huyu tulimkunja, tukamkunjua,
tukamkunja, tukamkunjua.

Usiniulize umri ulio sawa. Mpaka leo sina namba.
Nina wapiga kura wa miaka themanini na tano
wanaoninong'oneza, nimchague nani, kijana?
na mimi natazama dari.

Juni ya 2017. Sasa sheria zote mbili zimekubali.
Jina lake lipo, Cowie, Mhairi,
chini ya la mama yake, limechapwa vizuri.
Nilichonga penseli mbili.
Jean alifika saa tano asubuhi.
"Na Mhairi?" nikauliza, jambo lisiloruhusiwa.
Akapandisha mabega.

Labda zamu. Labda Aberdeen.
Saa nne kasoro dakika mbili usiku,
bado kweupe, nilisimama mlangoni.
Shakwe alikuwa akiburuta karatasi ya chipsi
katikati ya barabara tupu.
Nikarudi mezani,
nikaweka rula juu ya jina lake,
nikaiondoa.