Ukuta wa Kaskazini

Baridi haibishi hodi.
Inaingia kwa tundu la msumari,
inakaa kwenye kijiko, kwenye sabuni,
inalala na mama upande wa ukutani
hata asubuhi bega lake la kushoto
linachelewa kuamka.

Kwa hiyo Septemba hii, mimi na Urmas
tuko dukani kwa Kalju, nje kidogo ya Võru,
naye ametupangia vipande vitatu juu ya meza
kama muuza vitambaa:
pamba ya kioo, ya njano, rahisi,
inayowasha kama upupu ukiishika bila glavu;
sufu ya kondoo wa visiwani, ingali na harufu ya zizi,
ambayo bei yake ilimpaliza Urmas;
na karatasi, magazeti yaliyosagwa
yakawa manyoya ya kijivu,
yakatiwa chumvi ya kufukuza moto na panya.

"Joto zote zitalishika," alisema Kalju.
"Niulizeni mvuke.
Mtachemsha viazi, mtaanika soksi, mtapumua.
Unyevu wote huo mtaupeleka wapi?
Nyumba ya magogo mkiifunga kwa plastiki
itaoza ikiwa imesimama, na rangi yake nzuri."

Tulichagua karatasi.
Urmas kwa sababu ya hesabu:
sentimita ishirini, mita za mraba thelathini na moja,
kuni zitakazobaki ghalani kila Machi.
Mimi, nakiri, kwa sababu nilipenda kuwaza
kwamba hotuba zote zile,
matokeo ya mpira, tanzia, trekta kuukuu zinazouzwa,
hatimaye zitamfaa mtu.

Jumamosi tulibandua mbao za ndani.
Wahenga walituonya tuzibe ufa;
wazee wetu waliuziba kwa kila kitu:
kuvumwani, matambara, unga wa mbao
uliokuwa umeshuka mwaka hadi mwaka
ukaacha nusu ya juu tupu,
na kiota cha nyigu kama taa iliyozimwa.
Kisha, usawa wa kitanda, mkono wa koti.

Urmas alivuta. Koti likaja lote,
la kijani, limekunjwa kama mkate,
lile tulilolitafuta juma zima
baba alipofariki, tukaambiwa
limechukuliwa na watu wa kanisa.

Mama alisimama mlangoni na beseni la maganda.
"Mimi nilikuwa nasikia baridi," alisema.
"Yeye alikuwa hasikii tena."

Hakuna aliyejua pa kutazama.
Urmas, maskini, akaanza kueleza
kwamba nguo nzito hunywa maji,
kwamba gogo nyuma yake limeshalainika, tazama,
kidole kinazama.
"Basi litoe," mama akasema, "si lina nondo?"
Akaleta mkasi, akakata vifungo vitano,
akavitia mfukoni mwa aproni,
akarudi kwenye viazi vyake.

Mashine ya kupuliza tuliikodi kwa siku moja.
Ilinguruma uani, mpira ukatetemeka mikononi mwangu,
na habari za nchi nzima zikapanda ukutani
bila kusomwa. Tulipiga kwa vifundo vya vidole,
hatua kwa hatua, tukisikiliza:
penye utupu ukuta hujibu,
penye shibe hunyamaza.
Kona ya dirisha ilijibu mara tatu. Tukaongeza.

Jana, baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
mama alipiga simu.
Bega? Bega zima, ahsante.
Ila treni ya magogo ya saa kumi na moja haisikii tena,
na theluji inaporomoka paani
kama inaporomokea kwa jirani.
"Sasa mnataka niamkeje?"

Urmas amesema tumnunulie saa.
Gunia moja la karatasi lilibaki, halina pa kwenda.
Liko ghalani, paka amelitoboa,
na anavyolala humo
hana nia ya kumpisha mtu.