Kati ya Ghorofa ya Tano na ya Sita

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Bila tetri kumi haikupandishi hata inchi,
nayo, kama wakubwa wengi niliowahi kuwajua,
hula kwanza, kazi baadaye.

Jumanne ile ilikula yangu,
ikapanda ikinung'unika: ya tatu, ya nne, ya tano,
ikakohoa mara moja,
ikasimama.

Nilikuwa na mkoba wa karatasi za hesabu,
makomamanga manne,
na mkate kutoka tanuri la Vazha hapo chini,
mrefu, wenye ncha mbili,
bado unanichoma kwapa kupitia koti.

Nikagonga. Nikaita. Nikawataja watakatifu kwa zamu,
kisha nikawataja tena kwa hasira.
Sauti ya Nazibrola ikapenya nyufa za mlango:
"Tulia, Tsiala! Fundi yuko ng'ambo ya mto, anakuja!"
Anakuja. Neno hilo hapa Tbilisi
huvutika kama mpira.

Binti yangu aliye Graz huniambia kila Jumapili:
"Mama, vuta pumzi, ihesabu, uwe hapo ulipo."
Nami humjibu: kwani niko wapi, mwanangu?
Niko jikoni, nakaanga biringani.
Uongo. Mwili ndio uliokuwa jikoni.
Mimi nilikuwa kwenye deni la gesi,
nilikuwa kesho kutwa,
nilikuwa mwaka ule wa giza
tulipouza kinanda kwa magunia mawili ya unga.

Basi nikahesabu, maana kuhesabu nakujua:
miaka thelathini na moja nimehesabu tiketi za mabasi.
Moja. Mbili. Ya tatu ikaponyoka,
ikaenda kumtukana msimamizi wa jengo.
Nikairudisha kwa sikio.
Moja.

Kwenye pumzi ya tisa, au ya pili kwa mara ya tisa,
nikasikia kinanda.
Lasha wa ghorofa ya sita, mwenye pengo mbele,
alikuwa akipanda ngazi zilezile nane za sauti
na kujikwaa kwenye ya tano, kila mara ya tano,
kama lifti.
Miaka miwili nimeishi juu ya vidole vyake
sijawahi kuvisikia. Nilisikia kelele.

Kisha harufu: giligilani mbichi inakatwakatwa,
kitunguu saumu, mtu anatwanga jozi.
Na ukutani, msumari ulikuwa umeandika:
"Eka, nisamehe."
Chini yake, kwa mkono mwingine: "Nitafikiria."
Mara ngapi nimesimama mbele ya ugomvi huu
nikitazama viatu vyangu?

Nikakaa chini, juu ya hesabu za mwezi mzima,
nikavunja ncha ya mkate.
Ganda likasema kah.
Mvuke ukajinyoosha kama mtu aliyeamshwa.
Chumvi kidogo, jivu kidogo.
Nilitafuna, nikawa natafuna tu.

Sisemi nilifunuliwa jambo. Goti liliniuma,
choo kiliniita,
na deni la gesi lilikuwa palepale nilipoliacha.
Ila kwa muda wa ncha moja ya mkate
(haya, ncha mbili)
nilikuwa na furaha, ndogo, ya kuenea kiganjani,
na nilijua kuwa ninayo
wakati bado ninayo.

Lasha alipoivuka ya tano bila kujikwaa
nikapiga makofi ndani ya sanduku lile la chuma.
Kinanda kikanyamaza, kimeshtuka.
Kisha kikarudia kwa majivuno,
kikakosea.

Fundi alifika. Lifti ikanipeleka ya nane
kama isiyo na kosa. Sarafu haikurudisha.

Jumberi akafungua mlango,
akautazama mkate usio na ncha hata moja.
"Umegombana na panya?"
Nikampa kilichobaki.
"Zima redio kwanza," nikamwambia.
"Kuna mtoto hapo chini
anaitafuta sauti ya sita."